Kabla ya Kufunga Maji ya Moto

Katika jengo letu mtu hafungi maji ya moto kwa sababu tu ameamka na hamu ya kuyafunga. Mabomba yanapanda kwa mistari, kutoka chumba cha boila huku chini hadi ghorofa ya juu kabisa, na kila mstari unalisha mabafu yaliyokaa moja juu ya jingine. Ukitaka kubadilisha koki yako ya moto, lazima ufunge mstari mzima. Na kabla ya kufunga, lazima ugonge milango yote ya mstari wako, ueleze shida yako, na upewe ndiyo. Si "sawa tu bwana", si kutikisa kichwa huku mtu anatazama simu. Ndiyo, kwa mdomo. Mmoja akikataa, unasubiri siku nyingine.

Sheria hiyo hatukuletewa na mtu. Tuliitunga wenyewe tukiwa tumevaa makoti ndani ya nyumba, msimu ule wa baridi ambao mwenye nyumba alitufungia maji ya moto ili tutie saini mkataba wake mpya. Mkataba ulisema mpangaji haruhusiwi kuishi na ndugu yeyote ila mume, mke na watoto. Yaani mama yako mzazi ni mgeni, na mgeni aage. Tukakataa. Akafunga maji. Tulioga baridi huku meno yanagongana mpaka yeye ndiye aliyechoka, akauza jengo, na mkataba wake ukaenda naye.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya wapangaji, msichana mwenye sauti kubwa na shule fupi. Sheria za upangaji nilizisoma kwenye karatasi zilizoharibika huko kiwanda cha uchapaji, nilikokuwa nakunja kurasa na ninakokunja hadi leo. Kamati imekufa, lakini bado wananiita Katibu. Wanasema pia kwamba sisahau, na wanalisema kama ugonjwa. Haya. Wanaotuonea hawana akiba nyingine zaidi ya usahaulifu wetu, na mimi siwachangii.

Sasa siku ikafika, mwenye shida ya kufunga maji akawa mimi. Tuseme ukweli, alikuwa mama yangu.

Mama ana baridi yabisi. Vidole vimejikunja, vifundo vimevimba kama tangawizi. Kikombe anakishika kwa viganja viwili, kitana anakimudu, lakini koki za bafu letu zilikuwa zile za duara, za kuzungusha, zilizowekwa na watu waliodhani mkono wa mtu hauzeeki. Mwezi uliopita aliifungua ya moto kwa taabu, akaoga, kisha ikakataa kufungika. Mimi nilikuwa kazini. Bafu likajaa mvuke, naye akakaa sakafuni kajifunika taulo, akigonga bomba kwa kopo, mpaka mshona mapazia wa ghorofa ya juu yetu akasikia na kushuka.

Kaka yangu alipopata habari hakuuliza mengi. Mama anahamia kwake. Kwake kuna bafu pana, na mke wake yupo nyumbani mchana kutwa. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ile anayowapa watu aliowazaa anapotaka kuwakatalia.

"Na nani atanifungulia maji?"

"Mkweo si yupo, Mama?"

"Atanifungulia, halafu atatoka?"

"Atakusaidia kuoga."

"Mimi nimevua nguo mbele ya mume mmoja na daktari mmoja," Mama akasema, "na daktari nilimwambia ageuke. Mkwe wangu nampenda sana. Ndiyo maana sitaki tujuane hivyo."

Nikadakia kwamba basi mimi nitamwogesha kabla sijaenda kazini. Akanitazama vibaya kuliko alivyomtazama kaka.

"Wewe nilikuogesha kwa sababu ulikuwa mtoto. Sikukukopesha."

Wakapatana wao wawili, mimi shahidi. Kufikia Jumamosi jioni, kama Mama ataweza kufungua na kufunga maji mwenyewe, peke yake, mlango umefungwa, anabaki. Kama hawezi, kaka anakuja na gari aliloazima, anapakia kitanda na nguo. Kaka yangu ni mtu wa neno lake. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Nikanunua koki za mkono mrefu, zile unazoziona hospitali, unazisukuma kwa kiwiko. Nikamwita fundi bomba. Ijumaa jioni nikapita kwenye milango. Dereva mstaafu alisema ndiyo kabla sijamaliza sentensi, maana mpira ulikuwa unaendelea kwenye televisheni. Mshona mapazia alisema ndiyo, ila nimwachie asubuhi aoshe nywele kwanza. Wale maharusi wa juu kabisa walifungua mlango kidogo tu, wakasema ndiyo kwa pamoja, wakaufunga.

Mlango wa chini sikuugonga. Hatujawahi kuugonga.

Pale anakaa mzee tunayemwita Funguo. Zamani alikuwa msimamizi wa jengo, mtu wa mwenye nyumba, na kishada chake cha funguo ulikisikia kabla hujamwona. Msimu ule wa baridi, mkono uliofunga maji ulikuwa wake. Wala hakufungia kwenye chumba cha boila, ambako tungemzuia. Mwenye nyumba alikuwa amechomeka valvu ya pili jikoni kwa Funguo, palepale bomba la mstari wetu linapopita kabla ya kupanda juu. Aliifunga akiwa nyumbani kwake, mlango kaukomea, sisi tukiwa nje tunapiga sufuria. Jengo lilipouzwa, ufunguo wa chumba cha boila tukapewa sisi, na yeye akaachiwa nyumba yake azeekee humo. Siku tuliyotunga sheria ya milango yote, mtu mmoja aliuliza, "Na wa chini je?" Kikao kizima kikacheka. Hakuna aliyelazimika kusema zaidi.

Tangu hapo kila mtu wa mstari wetu anapofunga maji, Funguo anajua kwa kuishiwa maji. Nami sijampa shikamoo tangu wakati huo. Ni rika la marehemu baba yangu. Tukipishana kwenye ngazi, natazama ukuta.

Fundi alikuja Jumamosi asubuhi, mtu mwembamba mwenye maneno mengi na spana kubwa kuliko paja lake. Alimwamkia Mama, akazitazama koki za zamani, akacheka.

"Bibi, hizi ni za lini? Hizi zingekuwa mtu zingekuwa na wajukuu."

"Na zingekuwa na adabu kuliko wewe," Mama akamjibu. Wakapatana hapo hapo.

Maji ya baridi hayakuwa na shida. Valvu yake ndogo ipo chini ya sinki, akaifunga kwa vidole viwili, mambo yakaisha. Lakini ya moto hayana valvu ndani ya nyumba zetu. Aliyejenga hakusahau. Mwenye nyumba yule alitaka maji ya moto yabaki mkononi mwake, kama mtu anayeshika kamba ya mbuzi. Basi nikachukua ufunguo, tukashuka mimi na fundi kwenye chumba cha boila. Akaizungusha valvu ya mstari wetu mpaka mwisho, akaongeza kwa spana, akaikandamiza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Tukapanda. Akafungua koki ya bafuni.

Maji yakatoka. Si kwa nguvu, lakini yakatoka, uzi mnene kama kidole, yakifuka mvuke. Tukasubiri yapungue. Hayakupungua.

"Haishiki," fundi akasema. "Imelika ndani. Unaizungusha inakubali, lakini inakudanganya."

"Huwezi kubadilisha hivyo hivyo?"

"Dada, nikifungua koki hii na maji yakiwa yanasukuma, yatanichuna ngozi ya uso, na mke wangu ananipenda kwa ajili ya huu uso. Hana sababu nyingine." Akajifuta mikono. "Tunaweza kuzima boila na kumwaga tangi zima. Lakini hapo jengo lote linalala bila maji ya moto mpaka kesho."

Jengo lote maana yake milango yote ya mistari yote. Jumamosi, nusu ya watu hawapo. Isingewezekana.

"Hakuna valvu nyingine?" akauliza. "Bomba lenu nimeliona kule chini linaingia ukutani. Linatokea wapi?"

Nikatazama vigae vya bafu. Nilijua linatokea wapi. Mtoto yeyote aliyelia kwa baridi msimu ule alijua.

"Hakuna," nikasema.

Fundi akainua mabega, akaanza kurudisha spana kwenye mfuko. Ana kazi nyingine upande wa pili wa mji, akasema, niagize valvu mpya ya boila, nimpigie wiki ijayo. Wiki ijayo. Kaka alikuwa anakuja jioni.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa bafu, anasikiliza. Mama yangu huwa hapandishi sauti. Mimi ya kwangu sijui niliirithi kwa nani.

"Mwambie fundi asubiri," akasema. "Kisha wewe niambie. Ile ya jikoni kwa Funguo imeondolewa?"

Fundi akaacha kufunga mfuko.

"Mama, kwa yule siendi."

"Sijakutuma. Nimeuliza kama imeondolewa."

"Yule mtu ndiye aliyekuharibia hiyo mikono. Umefua kwa maji ya barafu msimu mzima, umeoga barafu, kwa sababu yake. Halafu leo niende nikamwombe?"

Maneno hayo nimeyasema mara nyingi sana. Niliyasema uani siku za mgomo, juu ya kreti la soda, nikashangiliwa. Niliyasema kwa wapangaji wa majengo mengine walipokuja kutuuliza tulishindaje. Mikono ya mama yangu ilikuwa mwisho wa kila hotuba yangu. Mama mwenyewe alikuwa akisimama nyuma ya watu, mikono kaificha ndani ya khanga.

Safari hii aliitoa, akaiweka juu ya mapaja, akaitazama kana kwamba ni vitu alivyoachiwa na mtu amtunzie.

"Vidole hivi vilianza kupinda kule kiwanda cha kufulia," akasema. "Nilikuwa nakamua mashuka, wewe hujajua kusoma. Msimu ule wa baridi vilikuwa vimeshapinda. Usimpe Funguo sifa isiyo yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Ilikuwa hotuba nzuri. Watu walikuwa wanakaza moyo. Tena alitufungia maji, hilo hujasema uongo. Lakini sikiliza. Hasira ni yako, vidole ni vyangu. Mimi ndiye ninayetaka kuoga. Nishike mkono nishuke."

Mimi, ambaye nimewajibu mawakili, nikamshika mkono.

Tulishuka polepole, Mama ameniegemea, fundi nyuma yetu amebeba mfuko wake kama mtu anayefuata harusi asiyoalikwa. Mlangoni kwa Funguo Mama akagonga mwenyewe, kwa kifundo cha mkono, maana vidole havigongi.

"Hodi."

"Nani?"

"Mama yake Katibu."

Kisha tukasikia komeo, na mlango ukafunguka. Alikuwa amepungua. Nimepishana naye miaka yote hiyo nikitazama ukuta, sikujua kwamba shati lilikuwa limeanza kumvaa yeye. Akamtazama Mama, akanitazama mimi, akamtazama fundi.

"Karibuni," akasema. "Na Katibu naye. Leo jua limetokea upande gani?"

Nyumba yake ilikuwa safi kwa namna ile ya mtu anayeishi peke yake na hataki kusemwa. Kitanda kimetandikwa, birika juu ya jiko, viatu viwili chini ya kiti vimeangalia mlangoni. Akamvutia Mama kiti. Mimi nilibaki nimesimama.

Mama hakuzunguka. Alimweleza vidole, koki, mwanawe wa kiume, gari la jioni, mkwe. Alimwambia hata lile la kukaa sakafuni na taulo, jambo ambalo mimi nisingemwambia mtu yeyote, seuze huyu. Akamaliza hivi: "Nakuomba utufungie maji, jirani. Valvu yako inashika?"

"Inashika," Funguo akasema. "Kila mwaka naizungusha kidogo nisije nikaikuta imeganda. Naifanya mchana watu wakiwa kazini."

"Mchana Mama huwa nyumbani," nikasema. "Kwa hiyo bado unatufungia."

"Dakika moja, Katibu. Valvu isiyozungushwa inakufa."

"Na aliyekutuma uitunze ni nani?"

"Hakuna. Ni kazi niliyokuwa naijua."

Aliegemea ukuta karibu na pazia dogo lililoning'inia kando ya jiko. Nyuma ya pazia lile ndiko ilikokuwa. Niliwahi kuota naing'oa.

"Nitafunga," akamwambia Mama. "Wewe huna haja ya kuomba mara mbili. Lakini naomba niseme neno, kwa kuwa mlango huu haugongwi." Akanigeukia. "Unajua mtu anayekatikiwa maji bila kuambiwa anakuwaje? Umejipaka sabuni mwili mzima, unasimama kama sanamu ya dukani. Mara ya kwanza nilicheka. Nikasema haya, wananilipizia. Mwaka ule mlipobadilisha mabomba ya juu, mke wangu alikuwa mgonjwa. Hakuwa anainuka. Nilikuwa namwogesha mimi. Nimemwingiza bafuni, nimemkalisha, nimemmwagia kopo la kwanza, maji yakakatika. Nikamfunika na shati langu, nikakimbilia birika. Birika moja moja. Analia kwa baridi, mimi nachemsha."

Fundi alikuwa anasoma maandishi ya kwenye spana yake.

"Ungesema," Mama akamwambia.

"Ningemwambia nani, dada? Kila mtu ana haki ya kulalamika humu ndani, mimi tu ndiye sina. Na sikatai. Nilifunga kweli."

Nilikuwa na neno. Lilikuwa limefika kwenye ulimi, limevaa na viatu: sasa umejua. Sasa umejua ilivyokuwa kwetu. Miaka yote nililisubiri neno hilo lipate pa kutua. Nikamwona mwanamke mgonjwa kafunikwa shati, ambaye hakufunga valvu yoyote, na neno likanikwama. Mkewe nilimkumbuka vizuri. Siku za mgomo alikuwa anaacha ndoo ya maji ya moto kwenye kona ya ngazi asubuhi, bila kusema, kwa wenye watoto wachanga. Hata hiyo sikuisahau. Niliiweka tu mahali pengine, pasipoingia kwenye hotuba.

"Kwa nini ulifunga?" nikamuuliza. Nilishangaa kusikia ni swali. Miaka yote lilikuwa tusi.

"Nyumba hii ilikuwa ya kazi. Ningekataa, angemleta mwingine afunge, na mimi na mke wangu tungekuwa barabarani tunawasikia mkipiga sufuria."

"Kila anayefunga ana maneno hayo. Askari anayo, karani anayo, wote wanayo. Kama mngekataa wote, angemtuma nani? Angeshuka kufunga mwenyewe na suti yake?"

"Labda," akasema. "Hatukuwa wote, Katibu. Nilikuwa mimi. Ninyi mlikuwa na kamati. Mimi mlinigongea mlango lini, kuniambia kataa, tutakulinda?"

Tulimpigia sufuria. Tulimwandikia maneno mlangoni kwa mkaa. Tulimwita kila jina. Lakini kumgongea na kumwambia kataa, twende pamoja, hilo halikujadiliwa kikao chochote, na vikao vile nilikuwepo vyote.

"Mtagombana nikishaoga," Mama akasema. "Fundi ana kazi nyingine."

Funguo akacheka kidogo, pumzi tu puani. Akavuta pazia. Valvu ilikuwa pale, kubwa kuliko nilivyoifikiria miaka yote, mkono wake umezungushiwa kitambaa safi. Akaishika kwa mikono miwili.

"Sitaki unisamehe," akaniambia bila kugeuka. "Sijui hata msamaha wako ningeuweka wapi humu, chumba chenyewe kidogo. Nataka tu mlango wangu uwe mlango."

Akafunga.

Juu bafuni ule uzi wa maji ukapungua, ukawa matone, ukaisha. Fundi akaanza kazi huku anaimba. Nati za zamani zilikuwa zimeshikana kwa kutu, akazipaka mafuta, akazipiga, akazitukana kwa sauti ya chini kwa heshima ya Mama. Nilimshikia taa ya simu. Koki ya duara ilipotoka ilitoka na tope la rangi ya chai. Akasafisha mdomo wa bomba kwa brashi, akauzungushia utepe mweupe, akakaza ile mpya. Kabla ya kukaza akanionyesha valvu ndogo, ya kukaa chini ya sinki.

"Nikiweka hii hutahitaji tena kumgongea mtu. Ukitaka kubadilisha kitu unafunga yako hapa hapa, kimya kimya."

Nilipaswa kufurahi. Ni kitu tulichonyimwa tangu jengo lijengwe. Lakini nikawaza: huko juu maharusi siwajui hata sura sawasawa, nimewasikia tu wakisema ndiyo. Dereva mstaafu nisingejua kwamba bado anaishi kama si maji. Kila nyumba ikiwa na valvu yake, nani atamgongea nani? Kisha nikawaza upande wa pili, kwamba sheria yenyewe niliyoililia ilikuwa na tundu tangu siku ya kwanza, na tundu hilo tulilitoboa tukicheka. Tulisema milango yote, na mmoja tukautoa. Mwenye nyumba naye alisema familia zote zinakaribishwa, kisha akawatoa mama zetu. Sisemi ni sawasawa. Aliyefungiwa maji si sawa na aliyefunga. Ninachosema ni kwamba sheria inayoacha mlango mmoja nje tuliikopi kwa yuleyule tuliyemfukuza, na tukaiita ya kwetu.

"Weka," nikamwambia fundi.

Alipomaliza alinizuia mkono. "Kufungua ni kazi kuliko kufunga. Bomba limejaa hewa. Mtu akiwa ameacha koki wazi yatamtemea maji ya moto usoni. Pita kwa watu uwaambie wafunge koki zao. Na yule mzee afungue polepole."

Nikapanda juu kwa maharusi. Nikashuka kwa mshona mapazia, ambaye alikuwa na kilemba cha taulo. Nikamgongea dereva. Kisha nikafika chini, kwenye mlango ule, peke yangu. Niligonga. Alipofungua, sikutazama ukuta.

"Shikamoo," nikasema.

Alichelewa kujibu. Nadhani alikuwa anahakikisha ni kwake.

"Marahaba, binti yangu. Koki zimekaa?"

"Zimekaa. Funga ya kwako bafuni, kisha fungua polepole. Kuna hewa."

"Najua kuna hewa," akasema. Akaenda kufungua.

Sijamsamehe. Naandika hili wazi ili asije mtu akasema Katibu amelainika. Lakini kwenye ngazi nilikuwa tayari napanga maneno ya kuwaambia wa mstari wetu kuhusu mlango wa chini, na nilijua nani atapinga, na kwa maneno gani, kwa sababu ni yale yale yangu.

Kaka alifika jioni, gari lake la kuazima limeziba njia huko nje. Akaingia bafuni moja kwa moja, akasukuma koki mpya kwa kidole kimoja, akairudisha, akaisukuma tena, kama mtu anayenunua kitanda.

"Kwangu inafunguka," akasema. "Tatizo si mimi."

"Basi toka bafuni kwangu," Mama akasema.

Akaingia na taulo na kopo lake. Kaka akamwomba aache mlango wazi kidogo, kwa usalama tu. Tukasikia komeo likisukumwa kutoka ndani, taratibu, pengine kwa kiwiko.

Tukakaa kwenye korido, mimi kwenye kiti cha plastiki, kaka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Koki ikafunguliwa. Maji yakaanza, kwanza yakitema hewa, kisha yakatulia, na harufu ya sabuni ikapita chini ya mlango. Kaka akatazama saa. Maji yakaendelea muda mrefu, muda wa mtu kuoga na zaidi, yakaendelea tu. Mvuke ukaanza kutoka chini ya mlango. Nikamwona kaka ameshika magoti, anajiandaa kusimama. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshasimama.

Maji yakakatika.

Tukatazamana. Halafu yakafunguka tena. Yakakatika. Yakafunguka, yakakatika, yakafunguka kidogo tu, yakakatika.

"Kuna nini humo?" kaka akauliza. "Mama?"

"Naoga," sauti ikajibu.

"Mbona unafungua na kufunga?"

"Koki ni ya nani?"

Kaka akakaa juu ya ndoo. Akapangusa uso kwa kiganja, akatoa simu, akampigia mwenye gari kumwambia analirudisha sasa hivi, halina mzigo. Huko ndani yakafunguka tena.